Filimbi ya Mkunga

Wewe uliyeambiwa juzi kwamba ni kifua kikuu, na sasa umekaa kwenye benchi la kliniki umeshika kikopo cha makohozi kwa vidole viwili kana kwamba umekiokota tu, nakuandikia wewe. Hapo ulipo nimekaa. Nilijibanza pembeni kabisa mwa benchi ili apitaye adhani nimemsindikiza mgonjwa. Upuuzi mtupu. Kikohozi hakina siri, na kila aliyepita alinijua kabla sijafungua mdomo.

Sitakueleza habari za vijidudu, hiyo ni kazi ya madaktari na wana vitabu vyao. Nataka kukueleza mambo ya kawaida ambayo mimi sikuambiwa, na kosa moja nililolifanya kwa kujiona mjanja, mimi mwalimu mzima wa darasa la sita. Kosa hilo ndilo linalonifanya leo nikusogelee uso ukiongea, nikutazame midomo. Usidhani ni ukosefu wa adabu.

Nilikuwa nafundisha shule ya msingi upande wa Butimba. Kwetu ni Bukoba, kwenye migomba, lakini niliolewa na Mjita, Magesa, karani kwenye ghala la pamba. Ni mtu mrefu, mpole, mwenye sauti nzito kama anaongelea ndani ya pipa. Mtoto wetu wa kwanza, Nyamisi, alikuwa na miezi kumi. Ulikuwa ule mwaka wa unga wa yanga, ule wa njano wa msaada: mvua ziligoma, mahindi yakaungua shambani, tukawa tunapanga foleni kwenye duka la ushirika tangu kunapambazuka. Nilipoanza kukonda nilisema ni njaa, nani hajakonda? Nilipoanza kukohoa nilisingizia chaki. Shuka lilipoanza kulowa jasho nilisema ni joto la Mwanza. Yaani nilikuwa na jibu la kila kitu. Halafu asubuhi moja mstarini, watoto wakiimba, nikakohoa kwenye leso, nikaona wekundu. Nikaikunja leso, nikaendelea kukagua kucha.

Daktari wa hospitali ya mlimani aliiinua picha ya kifua changu dirishani, akaitazama, akaniambia, "Mwalimu, unalazwa leo."

"Leo? Daktari, nina mtoto ananyonya."

"Ndiyo maana nimesema leo."

Hakuna aliyekuwa ameniambia kuhusu maziwa. Siku tatu za kwanza nililia kwa ajili ya matiti, wala si mapafu. Yalijaa yakawa magumu kama mawe, na nesi akanifunga kanga kifuani akaikaza kwa goti lake. Mtoto wa mtu yeyote akilia huko nje, maziwa yalitoka yenyewe. Kama unanyonyesha, jiandae kwa hilo, na ulie bila aibu.

Siku ya nne mama mkwe wangu aliwasili kwa meli kutoka pwani ya Majita. Watoto hawakuruhusiwa wodini kwetu, kwa hiyo alisimama chini, nyuma ya seng'enge, Nyamisi mgongoni, nami nikasimama juu kwenye baraza. Mama huyu ni mjane wa mvuvi. Maisha yake yote ameita mitumbwi kutoka ufukweni, na sauti yake haihitaji msaada.

"Shikamoo mama!"

"Marahaba mwanangu. Huyu nakwenda naye Majita. Hapa mjini nani atamlea? Huyo karani wako?"

"Mtamrudisha lini, mama?"

"Ukipona."

"Na nisipopona?"

"Mimi sikupanda meli kuja kuongea hayo," akasema, akageuka, akaanza kuteremka mlima. Nyamisi alikuwa amelala, shavu limebonyea mgongoni kwa bibi yake. Nilimchukia yule mama siku ile, nasema kweli. Nilijiambia amekuja kuninyang'anya mtoto kabla sijafa, ili apate kumzoea mapema.

Basi nikaanza kuishi kwa sindano. Kila asubuhi sindano moja, leo kalio la kulia, kesho la kushoto, mpaka nikawa nakaa kiupande kama bibi harusi aliyepakiwa kwenye baiskeli. Pamoja na sindano kulikuwa na vidonge, na unga mchungu wa kukoroga ambao ulinirudi kooni mara mbili kabla ya kushuka. Pete ya ndoa ilinitoka kidoleni nikiwa naoga, nikaifunga kwenye ncha ya kanga. Kanga yenyewe ilinizunguka mara mbili na bado ikadai kiuno kingine.

Wodi yetu ya wanawake ilikuwa na vitanda vinane na baraza refu linalotazama ziwa. Kitanda cha jirani alikuwa Mama Nkwimba, Msukuma wa Buhongwa, mkulima wa pamba na mpunga, mnene hata katika ugonjwa, mcheshi, mjuzi wa mambo yote ambayo hakusomea. Siku ya kwanza alinitazama kutoka juu hadi chini akasema, "Kalibu, Mwalimu. Hapa hakuna mtihani. Kazi yetu ni kumeza, kuchomwa, na kutazama meli."

Nikadhani anatania, kumbe ndiyo ratiba yenyewe. Baada ya uji sote, tuliotoka damu na tusiotoka damu, tulibeba mablanketi yetu hadi barazani, tukapanga viti vikiielekea bandari, tukaanza kazi. Mimi nilikulia Bukoba, nimepanda meli mara nyingi, lakini sikuwahi kuitazama bandari. Ukisafiri unatazama mizigo yako tu isiibwe. Pale barazani ndipo nilipojua kwamba meli kubwa ya abiria, ile tunayoiogopa na kuipigia vigelegele, haiwezi hata kugeuka yenyewe upepo ukiwa mbaya. Inangoja isaidiwe.

Kulikuwa na meli ya mabehewa, ndefu na bapa, yenye reli juu ya mgongo wake. Ilirudi kinyumenyume hadi ukingoni, reli zikaungana na reli za nchi kavu, na behewa moja moja likatoka tumboni mwake likajiendea zake stesheni. Kulikuwa na matishari ya pamba, yasiyo na injini wala aibu, yamepakiwa marobota hadi huoni mtu. Kulikuwa na boti ya maboya, yenye winchi ndogo puani, ambayo ilizunguka ikinyanyua maboya na kuyakwangua kama mama anayesugua masufuria. Na miezi miwili mizima lilikuwepo lile dude la kuchota tope, lenye mnyororo wa ndoo za chuma, ndoo hamsini zikipanda na kushuka, mchana kutwa. Mama Nkwimba alilipenda kuliko yote. "Tazama linavyokula," alikuwa akisema, "halishibi. Lingekuwa kwetu mwaka huu tungelifukuza."

Lakini kipenzi cha wodi kilikuwa tagi. Tagi ni kile kimeli kifupi, kinene, cha kuvuta na kusukuma meli kubwa. Letu lilikuwa la zamani, la mvuke, dohani jeusi lenye mshipi mwekundu, na tuliliita Mkunga, kwa sababu hakuna kilichoingia wala kutoka bila mkono wake. Lilijibana ubavuni mwa meli mara nne ya ukubwa wake, likaweka kipaji cha uso, likasukuma taratibu mpaka jitu lile likakaa mahali pake. Kisha likapiga filimbi moja nyembamba, kali, piiii, likaondoka bila kungoja asante.

Hapo ualimu wangu ukanirudia. Mkunga alipopiga filimbi, kwanza uliuona mvuke mweupe umeruka kwenye dohani. Sauti ilikuja baadaye. Niliwafundisha wale wanawake kuhesabu: mvuke ukitoka, moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, halafu piiii. Sauti ilihitaji hesabu ya sita kutupandia mlimani. Walifurahi mno. Baraza zima la wagonjwa wa mapafu, hakuna anayeweza kupanda ngazi bila kupumzika, tunahesabu kwa pamoja kama darasa la kwanza. Nesi Veronika, aliyekuwa na zamu ya asubuhi, alitukuta akatikisa kichwa. "Hawa ndio wanaotakiwa kupumzika," akasema, naye akasimama kuhesabu.

Sasa nifike kwenye kosa.

Kila asubuhi kabla ya sindano Nesi Veronika alimuuliza kila mmoja, "Masikio vipi? Kizunguzungu?" Mwanzoni nilijibu salama, na ilikuwa kweli. Karibu na sindano ya arobaini masikio yangu yakaanza kulia, mlio mwembamba kama wa nyenje kwenye majani makavu, haukatiki. Nikamnong'oneza Mama Nkwimba.

"Ndiyo yenyewe hiyo," akasema. "Dawa ikikulilia kichwani ujue imefika. Mimi yangu bado, naona nyama ni nyingi."

Tulikubaliana wote. Wewe unatujua: kwetu sindano ndiyo dawa, vidonge ni vya kumpoza mtu aende zake. Mgonjwa akitoka hospitali bila kuchomwa, nyumbani wanasema hakutibiwa. Na dawa isipouma, isipochoma, isipoleta kelele, ni maji. Isitoshe kulikuwa na dada mmoja kitanda cha mlangoni aliyemwambia nesi kwamba masikio yanalia. Siku hiyo hiyo akaondolewa sindano. Tulimtazama kwa huruma kama mtu aliyekatiwa tamaa. Usiku alipolala, mama mmoja alimsalia rozari.

Kwa hiyo nesi aliponiuliza, "Masikio vipi, Mwalimu?" nilimjibu, "Salama kabisa." Nikampa kalio. Nilidanganya hivyo wiki tatu. Nikienda msalani sakafu iliyumba, nikajishikilia ukutani, nikasema ni udhaifu. Nilikuwa na mtoto Majita. Sikukubali mtu yeyote aniondolee dawa yangu.

Mwishoni mwa kiangazi mama mkwe alikuja tena kumleta Nyamisi nimwone. Walisimama palepale nyuma ya seng'enge. Mtoto alikuwa amenenepa kwa samaki, anasimama mwenyewe, amevaa kigauni nilichokishona mwenyewe nikiwa mzima. Bibi yake akainama, akamwonyesha mimi kwa kidole, akamwambia maneno sikioni. Nyamisi akanitazama. Nikaona mdomo wake ukifunguka na kufumba, mara mbili.

Sikusikia kitu.

"Umesikia?" mama mkwe akapaza sauti, anaruka kwa furaha mtu mzima yule. "Amesema mama! Ndiyo mara ya kwanza! Nilimfundisha kwenye meli, akakataa, leo amesema! Umesikia?"

"Nimesikia!" nikaitikia. "Nimesikia, mama!"

Nilijiambia ni mbali, ni upepo, mtoto amesema kwa haya. Lakini sauti ya bibi yake niliisikia vizuri, neno kwa neno. Nikarudi kitandani nikajifunika.

Asubuhi yake nikatoka barazani mapema. Meli ya mabehewa ilikuwa inaingia. Ikapiga honi yake nzito, buuuu, nikaisikia mpaka kifuani. Nikashusha pumzi. Unaona? Masikio mazima. Kisha Mkunga akamaliza kusukuma, na mvuke mweupe ukaruka kwenye dohani. Wenzangu wakaanza, moja, mbili, tatu. Nikahesabu nao. Nne, tano, sita.

Nikaendelea kuhesabu. Saba. Nane. Wenzangu walikuwa wameshanyamaza. Nilifika ishirini na tatu, nikamgeukia Mama Nkwimba. "Leo hakupiga?"

"Nani hakupiga? Mkunga leo ana kelele mpaka nimeziba sikio."

Akanitazama. Mimi nikamtazama. 

Mungu wangu. Niliyaona yote kwa mara moja. Nilikuwa nasikia vitu vizito: honi ya meli kubwa, sauti ya Magesa, sauti ya mama yake. Vyembamba vilikuwa vimeondoka kimoja kimoja bila kuaga. Ndege wa asubuhi, lini nilimsikia mara ya mwisho? Na sauti ya mtoto ni nyembamba. Mwanangu alikuwa amesema mama kwa mara ya kwanza duniani, na mimi nilikuwa nimesimama pale, mbele yake, nikiwa nimeyauza masikio yangu kwa ajili ya kumrudia.

Mficha maradhi kilio humfichua. Nilikwenda kwa miguu yangu hadi meza ya Nesi Veronika nikamwambia kila kitu. Hakunifokea. Aliweka kalamu chini, akashika mkono wangu, akaniuliza, "Tangu lini?" Nilipomjibu, alifumba macho.

Daktari aliniwekea saa yake ya mkononi sikioni. Sikusikia chochote. Akagonga chuma chenye ncha mbili akakiweka nyuma ya sikio, nikahisi kidogo. Akaniandikia kwenye karatasi, kwa sababu nilianza kulia na kulia kulizidi kunifanya kiziwi: Kilichokwenda hakitarudi. Kilichobaki tutakilinda. Sindano basi. Vidonge mwaka mzima, bila kukosa siku.

Vidonge! Mtu katoka damu kifuani anapewa vidonge! Utadhani ningeshukuru. Niligoma. Siku mbili nilivisukuma pembeni, nikaomba sindano. Nilisema afadhali kiziwi aliye hai kuliko maiti yenye masikio. Magesa akaitwa kutoka ghalani, akaja na vumbi la pamba kwenye nywele, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Umemdanganya nesi," akasema kwa ile sauti yake ya pipa. Nilisikia kila neno, bahati mbaya. "Umemdanganya mama yangu. Mimi umenidanganya mara ngapi?"

"Nilitaka kupona."

"Sasa unaletewa dawa unakataa."

"Wameniacha, Magesa. Huelewi? Vidonge ni kuniaga."

"Nani kakwambia?"

 Ningesema nini, kwamba ni Mama Nkwimba? Naye alikuwa kitanda cha pili anajifanya amelala. Magesa akainama, mtu yule mrefu, akaweka paji la uso wake begani kwangu, na nikahisi mabega yake yanatetemeka. Sikuwahi kumwona analia, na siku ile pia sikumwona, nilihisi tu. Alipoondoka aliacha kanga yangu imelowa na vidonge vimebaki palepale mezani.

Kesho yake mchana Mama Nkwimba alinivuta mkono. Nikamwambia sitaki kutazama meli tena, wala huyo Mkunga wake. Akanivuta tu, kwa nguvu za kulima. Barazani watu wote walikuwa wamesimama.

Kisiwa kilikuwa kimeingia bandarini. Kama hujawahi kuona, ni hivi: upepo mkubwa hung'oa kipande cha mafunjo kule kwenye ghuba, na mizizi yake na udongo wake na ndege wake, kikaelea ziwani kama shamba lililotoroka. Hiki kilikuwa kikubwa kuliko uwanja wa shule yetu, na kilikuwa kimejikita mbele ya gati. Meli ya Bukoba ilisimama nje, imejaa watu, haina njia.

Mkunga akakiendea. Akaweka pua, akasukuma. Kisiwa hakikujali. Akarudi nyuma, akazunguka, akasukuma upande wa pili, moshi mweusi unatoka, mafunjo yanalala mbele yake na kuinuka tena. Saa nzima hatukuona tofauti yoyote. Mama Nkwimba alipandisha kidole gumba mbele ya jicho lake, akakilinganisha na jiwe moja la ufukweni, akanionyesha nami nifanye hivyo. Ndipo nilipoona. Kilikuwa kimesogea upana wa ukucha. Tukaendelea kupima kwa vidole mpaka jua likainama. Hakukuwa na kusikia kokote katika kazi ile, ilikuwa ya macho tu, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi ile ya filimbi nilikuwa sawa na wenzangu. Jioni kisiwa kilikuwa nje ya mlango wa bandari, korongo weupe bado wamesimama juu yake kana kwamba wamelipa nauli.

Nilirudi kitandani nikameza vidonge, vyote, na ule unga mchungu juu yake. Mama Nkwimba alinitazama, akasema kwa kutanua midomo ili nimsome, "Mimi ni mjinga wa Buhongwa. Nisamehe." Nikamwambia mjinga ni mwalimu aliyemsikiliza. Tulicheka mpaka tukakohoa.

Mvua za vuli zilinikuta bado barazani. Nilitoka hospitali masika, wakati watu wanapalilia. Vidonge niliendelea kuvichukua kliniki, nikikaa kwenye benchi lilelile ulilokalia wewe, safari hii katikati ya benchi. Yule dada wa mlangoni aliyeondolewa sindano mapema nilimkuta hapo, amenawiri, anasikia mpaka mbu. Nyumbani jirani zangu walinitengea kikombe changu na sahani yangu, kwa upole, bila kusema. Sikuwalaumu, lakini chakula cha peke yako hakina ladha. Darasani sikurudi, maana darasa ni sauti za watoto. Nilipewa kufundisha elimu ya watu wazima, wazee wenye sauti nzito, na nawashukuru hadi leo.

Nyamisi nilimkatalia kurudi. Ndiyo, mimi mwenyewe. Magesa alipotaka kumfuata nilisema bado, ngoja makohozi yatoke safi mara nyingine. Kweli yenyewe ni kwamba niliogopa. Mtoto atarudi anaongea, nami nitamtazama midomo kama mgeni. Makohozi yakatoka safi mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Sikuwa na kisingizio kilichobaki.

Walikuja kiangazi. Nilishuka bandarini peke yangu, Magesa alikuwa kazini. Kwa mara ya kwanza nilimwona Mkunga kwa karibu: amechakaa, rangi imebanduka, matairi ya lori yamening'inizwa kiunoni. Upepo ulikuwa mkali, akaisukuma meli hadi gatini. Mvuke mweupe ukaruka mbele ya macho yangu. Sikuhesabu.

Abiria wakateremka, na katikati yao mama mkwe wangu, furushi la dagaa kichwani, na nyuma ya kanga yake miguu midogo miwili. Nikapiga goti kama tunavyofanya kwetu. "Shikamoo mama."

"Marahaba, marahaba. Inuka, utachafuka." Akamvuta Nyamisi mbele. "Haya, msalimie mama yako."

Mtoto akanitazama kwa macho ya baba yake. Midomo yake ikacheza, maneno mengi, mengi kabisa, sentensi nzima. Kisha akangoja jibu.

Nilishindwa kudanganya tena. "Mama," nikamwambia mkwe wangu, bado nimepiga goti, "siku ile kwenye seng'enge sikumsikia. Nilikwambia nimesikia, nilikuongopea. Sauti yake haiingii. Hata sasa hivi sijui amesema nini."

Alitua furushi chini. "Ala! Nami nimetangaza kijiji kizima kwamba mama yake alimsikia! Mpaka kanisani nimesema."

"Nisamehe mama."

 Nikangoja anichambue. Wakati huohuo meli ya mabehewa, upande wa pili wa gati, ikapiga honi, buuuu, na mimi nikashtuka nikageuka. Mama mkwe aliona nilivyogeuka. Akaitazama meli, akanitazama tena.

"Ile umeisikia?"

"Ile naisikia."

"Basi atasema tena," akasema. "Kwani mdomo si anao?"

Akachuchumaa palepale gatini, wapagazi wanampita na magunia. Akavimbisha mashavu, akaigiza honi kwa ile sauti ya kuita mitumbwi, Nyamisi akacheka. Akaigiza tena, akamwekea mtoto kiganja tumboni, akamsukuma kwangu. Nyamisi akanishika shingo kwa mikono yote miwili, yenye harufu ya samaki na mafuta ya nazi, akaleta mdomo wake sikioni kwangu, akavuta pumzi.

"Maaaa-maaaa," akasema, kwa sauti nzito ya meli kubwa.

"Nimesikia," nikamwambia.